Nani Anataka Kujua?

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ofisi ya walimu, sekondari moja hapa Kasulu, namsubiri mkuu wa shule. Akaingia mama mmoja, kamshika mkono binti yake wa kidato cha kwanza kama anampeleka kuchomwa sindano. Akamwendea mwalimu wa Kiingereza, na kiti alichopewa hakukikalia.

“Mwalimu, mtoto anatwanga majani ya sombe huku anakariri Kiingereza. Nikamwambia anieleze maana yake. Eti, ‘Mimi naona ni bora kuishi mjini kuliko kijijini.’ Nani anataka kujua?”

“Hakuna, Mama. Ni zoezi la kutoa maoni. Kila mwanafunzi anasema angependa kuishi wapi, na kwa nini.”

Mama aliangalia mlango, akashusha sauti. “Mimi nimezaliwa kambi ya wakimbizi, Mwalimu. Uraia nimeupata ukubwani. Sisi tukiulizwa tungependa kuishi wapi, haichukui muda linakuja lori la kutuhamisha.”

Mwalimu akasema basi atabadilisha swali: kipi kitamu, dagaa au maharage? Binti akafungua mdomo. Mama akambana mkono.

“Vyote vitamu,” akajibu mwenyewe.

Kila siku tunalalamika kwamba watoto wa huku wanaogopa Kiingereza. Siku hizi naanza kushuku kwamba Kiingereza tunakisingizia tu.

Mama alipotoka nilimfuata nje, nikamuuliza anauonaje ufundishaji wa pale. Akanikagua kuanzia viatu mpaka kalamu iliyokuwa mfukoni.

“Mzuri,” akasema. “Na wewe, nani kakutuma?”