Riwaya Isiyo na Salamu

Juma lililopita mjukuu wangu wa kike, anayesoma sekondari hapa Babati, alisahau riwaya yake juu ya kochi langu. Mvua haikukatika na umeme ulikuwa umekwenda, basi nikavaa miwani nikaanza kuisoma. Inahusu wafu wanaofufuka na kung'ata watu, na kila aliyeng'atwa anakuwa kama wao. Baba mmoja anajifungia na familia yake ndani ya ghala la nafaka. Ukiniuliza maoni yangu, mwandishi anajua kazi yake. Kuna kurasa zilizonikausha mate. Lakini nilipofika katikati nilichoka, mwenzangu, kama mtu aliyepalilia shamba lisilo lake. Watu wale wanagombea maharage, wanagombea blanketi, na hakuna hata mmoja anayemwuliza mwenzake ameamkaje.

Nilipomweleza mjukuu, alicheka mpaka akakaa chini.

"Sasa Babu, mtu analiwa, halafu asimame aseme shikamoo?"

"Hao wa ghalani hawaliwi. Wana nafasi."

"Babu bwana! Wewe ungekufa sura ya kwanza."

Huenda. Lakini kitabu chake kilinirudisha Singe, nje kidogo ya mji, enzi ambazo ilikuwa mashamba matupu, nami nikiishi kwa bibi. Asubuhi ilinukia moshi na maziwa ya mgando. Kazi yangu ilikuwa kuzoa samadi kabla jua halijakausha umande, na malipo yake uji wa ulezi uliounguza ulimi.

Jirani yetu alifiwa na mtoto wake wa pekee. Kwa desturi ya wazee wetu, mama wa namna hiyo alitengwa, maana waliamini msiba wake ungeweza kuambukiza nyumba nyingine. Hakuomba moto kwa mtu, hakuchota maji kisimani pamoja na wenzake, wala hakuingia ua wa mtu, mpaka wazee waseme imetosha. Sisi watoto tulimwogopa kuliko fisi. Tukimwona njiani tulitimua mbio, tukadai ukikanyaga kivuli chake hutarudi nyumbani.

Bibi alishika desturi ile barabara. Hakuvuka kwenda kwake hata siku moja. Lakini kila asubuhi, akimaliza kukamua, alisimama kwenye ua wetu wa minyaa, akaweka mikono kiunoni na kupaza sauti. Tena alimwita mama huyo kwa jina la yule mtoto, jina ambalo wengine wote walikwisha kulificha. Nilimwuliza haoni ni vibaya. Akasema, "Mtoto amekufa. Umama haujafa." Kisha akageukia tena ng'ambo ya ua.

"Umeamkaje?"

"Nimeamka."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo! Sijaona moshi kwako tangu jana."

Siku nyingine upande wa pili ulikaa kimya. Bibi hakuondoka. Alianza kumtukana jogoo wa jirani, kwamba ni mwizi, anakula mtama wetu, leo anamchinja. Mwishowe sauti ilitoka, nyembamba, "Mchinje basi, jogoo mzee yule. Utavunja meno uliyobakiza." Bibi akacheka, ndipo akaniruhusu nami nikanywe uji. Wazee walipomwachilia, yule mama alitoka amekonda, lakini alitoka akiwa mtu. Mavuno yaliyofuata alikuwa shambani kwetu, akipiga mahindi na kumcheka bibi.

Katika riwaya, jirani anagonga mlango wa ghala akiwa anakohoa. Yule baba anakaza komeo, wala hamjibu neno, na mwandishi anamsifu kwa ushujaa. Hapo nilikifunga kitabu. Miaka michache iliyopita, ugonjwa wa kifua ulipotutisha sote, jirani yangu hapa mtaani Bagara aliugua. Ni fundi cherehani mstaafu, mjane, na kila Jumapili tulikuwa tukinywa chai pamoja. Nilifunga geti. Hilo silijutii, hata bibi angefunga. Lakini sikumwita. Simu ilikuwa mkononi, na ukuta unaotutenganisha nauzidi kimo. Kwa majuma yote aliyolala pale peke yake, nilishika nusu ya desturi, ile nyepesi. Alipopona, chai haikurudi. Tukipishana tunainamisha vichwa, basi.

Kwa muda mrefu nililaumu mji. Nilisema zamani ua ulikuwa minyaa, sauti ilipita. Siku hizi ni matofali na vioo juu yake, na mashamba ya Singe ni viwanja, nani atamsikia nani? Maneno hayo nimeyasema hata kwenye misiba, na watu wakatikisa vichwa wakiona nina busara.

Jana asubuhi nilisimama ukutani, nikaita.

"Fundi! Umeamkaje?"

Nilisikia ufagio wake ukisimama.

"Nimeamka, mzee mwenzangu."

"Nimechelewa, fundi. Wakati ule ulipougua, nilipaswa kukuita."

Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na uchovu kama wangu.

"Wakati ule," akasema, "redio yako nilikuwa naisikia kila siku. Taarifa ya habari yote."

Kisha ufagio ukaendelea. Hakunikaribisha, nami sikustahili kukaribishwa. Nilibaki pale, mkono juu ya tofali lenye baridi. Kumbe ukuta haukuzuia kitu. Kilichotoweka ni mtu wa kusimama na kupaza sauti, na upande huu mtu huyo alipaswa kuwa mimi.