Sauti Iliyopotea Gari Likipata Moto

Ardith Hoekstra alilinunua lile gari la kijani akiwa msichana wa kiwandani pale Muskegon, mji wa Michigan, akichomelea miguu ya viti vya chuma. Lilikuwa la milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda nane, la zama zile watu wa Michigan walipokuwa wakitia nguvu za lori ndani ya gari la vijana. Sasa ana wajukuu, na gari bado ni lake. Mumewe Lyle, fundi bomba mstaafu, hakuwahi kulipenda. Aliliita bwana mkubwa.

“Bwana mkubwa kaamkaje leo?” angeuliza, kisha angerudi kwenye kahawa yake.

Majira ya baridi gari lililala gerejini chini ya turubai. Theluji ilipoyeyuka, Ardith aliliwasha, nalo likanguruma vizuri tu, ila ndani ya ngurumo ile mlikuwa na kitu kigeni: tiki-tiki-tiki, kama kuku anayedonoa bati. Akalizungusha mtaani. Sauti ikafifia, na alipofika ufukweni mwa ziwa ikawa imepotea kabisa. Kesho yake asubuhi ikarudi.

Hakuogopa, alishikwa na hamu ya kujua. Ni ugonjwa gani huu unaopona kwa kutembea?

Duane, mume wa dada yake, alikuja Jumapili, akainamisha kichwa akasikiliza kama daktari.

“Valvu hizo, shemeji. Injini lazima ifunguliwe. Au niuzie mimi, uondokane na kero.”

“Tangu siku ya harusi yako unalikodolea macho gari hili,” Ardith akamjibu. “Likipiga chafya tu, wewe umeshachimba kaburi.”

Alipoondoka, Ardith alichukua kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, ncha moja akaitia sikioni, nyingine akaipitisha taratibu kando ya injini. Upande wa kulia, shwari. Upande wa kushoto, kadiri alivyosogea nyuma, kitu kikampuliza sikioni: fu, fu, fu. Akazima injini, akaingia jikoni mbio, mikono myeusi.

“Lyle, valvu hugonga kikavu. Hii ina pumzi!”

Lyle akaweka kikombe mezani. “Pumzi? Basi panavuja.”

“Panavuja, lakini wapi? Huko nyuma pamebana, sioni kitu.”

“Mama, mimi nimekula mkate miaka yote kwa kutafuta mabomba yanayovuja. Ngoja ipoe. Nipe sabuni ya vyombo, na ile mashine yako ya kusafishia zulia.”

“Ya zulia? Umerukwa na akili?”

“Tutaigeuza. Badala ya kufyonza, ipulize.”

Gari lilikuwa na ekzosi mbili. Moja waliiziba kwa kitambaa kilicholowa, nyingine wakaishindilia bomba la mashine, hewa ikaingia kinyumenyume mpaka kwenye injini. Ardith akanyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungio, na Lyle, ambaye hakuwahi kuinama chini ya boneti ile, akajilaza juu ya madigadi ya gari na tochi na kioo cha kunyolea.

“Hakuna... hakuna... He! Ona hapa! Panachemka kama uji!”

Povu lilikuwa likifoka kwenye silinda ya mwisho, pale bomba la ekzosi linapokutana na injini. Bolti moja ilikuwa imekatika kichwa, ukabaki mwanya mwembamba kama ukucha. Chuma kikipata moto kilitanuka na kuuziba. Kikipoa, mwanya ukafunguka tena.

Wakalifungua bomba lile na kuliondoa. Kisiki cha bolti kilikuwa kimechomoza kidogo tu. Ardith akavaa barakoa yake ya kuchomelea, akakichomelea nati. Nati ikabanduka. Ya pili nayo ikabanduka, akatukana kwa Kiholanzi cha bibi yake. Ya tatu ikashika, ingali nyekundu, Lyle akaikamata kwa spana.

“Usilazimishe,” Ardith akamwonya.

“Najua. Kitu cha zamani hubembelezwa.”

Akavuta, akarudisha, akavuta tena. Chuma kikalia kwii, kikazunguka. Walipiga kelele wote wawili mpaka jirani akachungulia juu ya ua.

Kwa gasketi mpya na bolti mpya, gari liliwaka asubuhi ya baridi bila tiki hata moja. Ardith alisimama akisikiliza, tabasamu limemjaa usoni. Lyle akakohoa kidogo, akanyoosha kiganja.

“Ufunguo.”

“Wewe?”

“Si nimemtibu? Nina haki ya kumjaribu mgonjwa.”

Wakaenda mpaka ziwani, Lyle akiendesha kwa woga wa mwanafunzi, kisha kwa woga mdogo zaidi. Kwenye mteremko akainua mguu kwenye pedali ya mafuta, akakunja uso, akashusha kioo.

“Ardith, unasikia? Kuna kamluzi huko nyuma.”

“Nasikia. Unadhani ni nini?”

“Sijui,” akasema Lyle, na akageuza gari ili wapite mteremko ule tena.