Barafu ya Maboga

Mwanangu alikuwa na miezi saba na hakuwa amekubali kumeza chochote ila mimi. Nasema mimi kwa sababu ndivyo nilivyojisikia: nilikuwa chakula. Nikilala, nilikuwa chakula kilicholala. Meno mawili yalipomtoka chini, nikawa pia kitu cha kutafunia. Ningevumilia hayo yote hadi aanze shule, maana ukimwona yule mtoto anavyokushika kidole wakati ananyonya, unasamehe. Lakini nilikuwa nimepata kazi.

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nimalize sekondari. Diploma ya hiyo sekondari ilikuwa imekaa chini ya godoro mpaka ikachukua umbo la mgongo wangu. Sasa mgodi mmoja nje ya Kolwezi ulitaka mtu wa kukaa kwenye bareri, pale malori yanapoingia na kutoka, aandike namba zao. Kuanza ni Jumatatu. Basi la wafanyakazi hupita alfajiri na kuturudisha giza likiingia. Usipofika siku ya kwanza, kiti chako kinakaliwa na mwingine, na wengine walikuwa wengi. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: mtoto asiyekula kijiko hata kimoja atabaki na nini kutwa nzima?

Wa kubaki naye alikuwepo. Tunaishi Kasulo, katika lupango la mama mkwe wangu, vyumba vitatu na uwanja mmoja ambamo watoto wa majirani wote hupita kama ni kwao. Mume wangu ni dereva wa lori la kwenda Dilolo. Wiki moja utamwona, mbili utamsikia kwenye simu. Mama mkwe anauza barafu za juisi, zile za kufungwa ndani ya visashe virefu vya plastiki, mtoto anang'ata pembe na kunyonya. Konjelatere yake, lile sanduku la kugandishia, iko sebuleni, juu ya kiraka cha simenti mpya, pale baba mkwe alipochimba kobalti zamani zile kila mtu alipokuwa anachimba nyumbani kwake. Shimo lilimnunulia konjelatere, kisha konjelatere ikawekwa juu ya shimo. Imeinama kidogo upande wa dirisha. Ndiyo maana kifuniko chake hakifungi vizuri mpaka ukikalie.

Wazo langu nililipata kwenye simu. Mwanamke mmoja, jiko jeupe, kucha safi. Alichemsha mboga, akaziponda, akazigandisha vipande vidogo vidogo. Kila siku anatoa viwili, anapasha moto, mtoto anakula. Nikasema, hiki ndicho. Nitapika Jumatano kwa siku nyingi, na mama mkwe atakuwa na kazi moja tu ya kupasha moto. Shangazi yangu alikuwa ametuletea maboga kutoka Sandoa, matamu, ya rangi ya jua. Vile vyombo vidogo vya kugandishia sikuvipata sokoni, kwa hiyo nilitumia visashe vya mama mkwe.

Alikaa kwenye kigoda akinitazama nikiponda.

"Hautie chumvi?"

"Hapana, mama. Mutoto bado mudogo."

"Hata mufungwa anakulaka chumvi." Akaonyesha visashe kwa kidevu. "Na kisha unaitia mu barafu."

"Ndiyo."

"Barafu ni ya samaki. Ile samaki ilishakufa, haina neno. Sasa chakula ya mutoto muzima, unaiua ya nini?"

"Tutaipasha moto, mama."

"Maiti hata uipashe moto, haitaamka."

Nilifunga visashe vyangu, nikavipanga kwenye konjelatere kando ya vyake. Mwanangu alikuwa mgongoni kwake, shavu limelala begani, akitoa mate kwenye kitenge chake. Yeye humwita bwana yangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kiume, na mimi huniita muke mwenzake. Huwezi kumkasirikia vizuri mtu aliyembeba mtoto wako namna ile, lakini nilijitahidi.

Kesho yake msichana wa jirani, yule mwenye pengo la meno ya mbele, alirudi uwanjani na kisashe mkononi kimenyonywa nusu, akamwendea mama mkwe, ambaye watoto wote humwita kambo, yaani bibi.

"Kambo, iyi barafu haina sukari."

"Iko na sukari. Ni ya maembe."

"Iko ya maboga, kambo."

Mama mkwe akaonja. Akaonja tena. Mimi nilikuwa nimekwisha kutoka nje, na kijiko cha kupikia bado kiko mkononi.

"Mama. Muliuzisha chakula ya mwijikulu yenu?"

"Wewe uliifunga sawa na yangu. Rangi sawa, fundo sawa. Mi nitajuaje?"

"Muliuzisha ngapi?"

Alishika nguzo ya mlango akaanza kucheka, cheko lile la mwili mzima, mtoto mgongoni akiruka-ruka na kucheka naye bila kujua sababu. "Na huyu peke yake njo alikuya kulalamika," akasema alipopata pumzi. "Bengine balimaliza."

Sikucheka. Niliingia ndani nikahamisha visashe vyangu vilivyobaki chini kabisa ya konjelatere, nikaikalia.

Lakini shida kubwa haikuwa hiyo. Shida ilikuwa kwamba mtoto mwenyewe hakuyataka maboga. Nilipasha moto, nikapoza, nikaonja mimi mwenyewe kwanza. Kijiko kikifika karibu, anafunga mdomo kama mtu aliyeambiwa siri. Nilikuwa nimefunga mlango. Kwetu huwezi kulisha mtoto wako mbele ya watoto wa wenzako na usiwaite. Utaitwa mchoyo, na mchoyo ni jina linalokaa. Na visashe vilikuwa vichache, vya mtu mmoja. Kwa hiyo nilijifungia naye chumbani, yeye kwenye kiti chake cha plastiki, mimi mbele yake nikiimba, nikibembeleza, nikitishia. Nje watoto wanapiga kelele. Yeye anageuza shingo kuangalia mlango. Nikileta kijiko upande ule, anageukia ukuta. Uji wa bibi yake aliutema vile vile, na hilo, Mungu anisamehe, lilinifariji.

"Kambo yake aliongea nini?" mume wangu aliuliza kwenye simu.

"Anasema nimeua maboga."

Akacheka. Nikakata simu.

Ijumaa umeme ukaenda. Jumamosi haukurudi. Jenereta za majirani zilikuwa zinanguruma, sisi hatuna. Jumapili asubuhi, mama mkwe akiwa misa ya kwanza, niliona maji yametambaa kutoka chini ya konjelatere, yanafuata mwinamo wa sakafu hadi mlangoni. Barafu zake za juisi zilikuwa zimekuwa juisi. Visashe vyangu, kwa kuwa vilikuwa chini kabisa, vilikuwa bado baridi, laini, vimeyeyuka pembeni na katikati vina punje za barafu. Kilichoyeyuka hakirudi barafu. Hata yule wa kucha safi alisema hivyo.

Niliketi kwenye kifuniko. Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Sikulia kwa huzuni. Nililia kwa hasira, na hasira ilikuwa ya wote: ya umeme, ya dereva wa Dilolo, ya diploma, ya mtoto mwenye mdomo mdogo kuliko kijiko na kichwa kigumu kuliko jiwe la mgodini.

Mama mkwe alirudi na nguo yake ya kanisa, akaona maji, akaona mimi.

"Tupa," alisema. Hakusema kwa ubaya. Yeye pia alikuwa amepoteza barafu zake. "Ilishaaribika. Tupa, mama."

"Situpe."

Shangazi yangu alikuwa amekaa juu ya yale maboga ndani ya lori kutoka Sandoa, vumbi mpaka kwenye kope. Nilikata visashe vyote nikavimimina kwenye sufuria kubwa, nikawasha mbabula ya makaa, nikachemsha mpaka yakatoa mapovu. Kisha nikamwaga kwenye beseni, nikakoroga hadi yakapoa, nikatoka uwanjani nikaita kwa sauti ya mtu anayegombana:

"Kuyeni mukule. Bote. Mumalize."

Hawakuitwa mara mbili. Walinawa kwenye ndoo, wakachuchumaa kuzunguka beseni, mwenye pengo wa kwanza. Mtoto alikuwa mkononi mwangu na mimi nilihitaji kuinua sufuria, kwa hiyo nilimkalisha chini kati ya magoti ya yule msichana, nikageuka.

Nilipogeuka tena, alikuwa anafuata mikono kwa macho. Mkono unaingia, unatoka, unaenda mdomoni. Mwingine unaingia. Alitazama kama watu wanavyotazama mpira. Kisha akajiinamia, kidogo aanguke, akatia mkono wake wote ndani mpaka kifundo, akautoa, akautia mdomoni.

Nilisimama na sufuria.

"Mama," msichana akasema, "anakula."

"Nyamazeni," mama mkwe akasema polepole. "Musimuangalie. Endeleeni kula."

Akameza. Niliona koo lake likishuka. Akarudisha mkono. Mara ya tatu mkono wa mtoto mwingine ukaja upande wake wa beseni, naye akaupiga kofi.

"Hm," mama mkwe akasema. "Bwana yangu anajua tayari mupaka wa shamba yake."

Nilikaa chini pale pale, kwenye vumbi, na sketi yangu nzuri. Nilitaka kumkumbusha kwamba haya ndiyo maboga maiti. Alinitangulia.

"Mi nilisema utupe," akasema, akiangalia beseni. "Nilisema."

"Na mi nilimufungia mulango," nikasema.

Mama mkwe alivua viatu vyake vya kanisa, akanawa, akapata nafasi kati ya watoto, akala na yeye. Kisha akakunja uso. "Lakini chumvi kidogo."

Jumatatu nilipanda basi. Kwenye bareri niliandika namba za malori hadi vidole vikawa vyeusi kwa wino, na tangu mchana blauzi yangu ilikuwa imelowa maziwa chini ya koti. Kila lori lililopita nilisikia mtoto analia ndani yake. Jioni nilitoka barabarani hadi nyumbani nikikaribia kukimbia.

Umeme ulikuwa umerudi. Mama mkwe alikuwa amechemsha boga la mwisho. Visashe vyangu alivifunga kwa uzi mwekundu, asije akaviuza tena. Uwanjani walikuwa wamezunguka beseni, na mwanangu katikati yao, wa manjano mpaka masikioni. Aliniona. Akanipa tabasamu kubwa la meno mawili. Kisha akageuka, akarudi kwenye kazi yake.

"Alilia?" nikauliza.

"Asubuhi."

"Sana?"

"Kidogo."

"Kidogo namna gani, mama?"

Mama mkwe alimfuta mtoto pua kwa ncha ya kitenge, hakuwa na haraka.

"Kidogo ya kukupatia heshima," akasema. "Nawa mikono. Ukichelewa batamaliza."