Mwonja Chai Aliyeziba Pua

Kiwandani walimwita Pua, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Kiwanda chenyewe ni cha kuchanganya na kufungasha chai, na kazi yake ilikuwa kuonja. Kila asubuhi alipangiwa vikombe kumi na viwili mezani. Anainama, ananusa, anavuta funda kwa kishindo, anatema kwenye ndoo, halafu anatoa hukumu: gunia hili lipite, lile lirudi. Akisema lirudi, limerudi. Hata meneja hakuwa na ubavu wa kumbishia.

Msifikiri alikuwa mtu mwema. Chai huvuta kila harufu iliyo karibu nayo, kwa hiyo pale kiwandani manukato ni marufuku, sabuni ya kunukia marufuku, mafuta ya nywele marufuku, na Pua ndiye alikuwa askari wa sheria hiyo. Aliwahi kumrudisha nyumbani mshona magunia, mama wa watu na mimba yake ya miezi saba, kwa tone la mafuta ya nazi. "Nenda kaoge! Ukitaka kunukia, nenda harusini!" alimfokea mbele za watu wote. Miaka kumi na tisa ya maneno kama hayo, jamani. Ukimwuliza mtu yeyote pale kama anampenda, atakutazama kwanza aone kama una akili timamu.

Basi, siku moja pua hiyo ikaziba.

Ilianza kama mafua ya kawaida. Baadaye makamasi yakaganda, paji la uso likawa linagonga, na kila alipoinama mashavu yakamuuma chini ya macho. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikaingia, na hasikii harufu hata ya kitunguu kikiungua mbele yake. Na kazini alikwenda vilevile! Aliinama, akajifanya ananusa, akavuta funda, akatema, akasema lolote lililomjia kichwani, kisha akasaini. Hana haya hata kidogo. Alijua fika kwamba mwonjaji akipoteza pua anapoteza kiti, kwa sababu na yeye alikipata kwa njia hiyo hiyo: mzee aliyemtangulia alipitisha gunia lenye ukungu siku ana mafua, na Pua ndiye aliyekwenda kumsema kwa meneja.

Nyumbani alikuwa na mama mkwe. Mume wake ni dereva wa lori, anaonekana mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo nyumba ilibaki ya wanawake hao wawili ambao damu zao hazikupatana tangu siku ya kwanza. Kikongwe yule ndiye aliyegundua.

"Wewe, unakoroma kama gari bovu. Kaa hapa."

"Niache, mama. Nitanunua dawa."

"Umeshanunua mbili. Umepona? Kaa, nimesema!"

Akakaa. Mama mkwe alikuwa amechemsha maji, akayaacha yapoe mpaka yakabaki vuguvugu, akayakoroga na chumvi kidogo, akayatia kwenye kibirika chembamba. "Inamisha kichwa upande. Fungua mdomo, pumulia huko huko. Au unataka kuzama sebuleni kwangu?" Maji yaliingia tundu moja la pua yakatokea la pili, na Pua akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akimtukana mkwewe kimoyomoyo. Kisha akabandikwa kitambaa cha maji ya moto usoni, akanyweshwa tangawizi, akaambiwa alale na mito miwili kichwa kiwe juu. Na zaidi ya yote, ajifukize kwa majani ya mkaratusi, asubuhi na mchana.

"Mchana niko kazini!"

"Basi kaa nayo hivyo hivyo. Si pua yangu."

"Na usimwambie mwanao," Pua akasema.

Mwanao huyo ni shemeji yake, mdogo wa mume wake, mtunza ghala pale pale kiwandani. Kazi hiyo Pua ndiye aliyemtafutia, na hakuna wiki iliyopita bila kumkumbusha. Mama mkwe alinyamaza, si kwa mapenzi, bali kwa kuona siri za Pua hazina faida kwake. Alimwagiza mwanawe majani akasema ni ya mafua yake mwenyewe. Kijana wa watu akawa anayakata njiani na kuyaleta kwenye baiskeli yake.

Sasa sikilizeni alichofanya huyu mwanamke mwenye sheria zake. Chumba cha kuonjea kina birika la umeme, kina beseni, na mlango wake unafungwa kwa ndani. Mchana wenzake wakienda kula, anajifungia, anachemsha maji, anatia majani aliyoyaficha kwenye mkoba, anajifunika shuka, anajifukiza. Pale pale mezani, hatua moja tu kutoka kwenye beseni, kuna boksi la chai ile ya gharama, ambayo hutiwa kidogo katika kila mchanganyiko ili kuupa harufu nzuri. Kifuniko chake kilikuwa kimelegea siku nyingi. Akimaliza anamwaga maji, anafuta meza, anafungua dirisha robo saa. Halafu anakinusa chumba, anaridhika kwamba ni safi. Haya, niambieni nyinyi: pua iliyoziba imenusa nini?

Siku ya nane ya kujifukiza, hoteli moja ilirudisha makatoni arobaini. Waliandika kwamba chai inanuka dawa ya kuchua.

Meneja aliwakusanya wote kwenye ukumbi wa kufungashia. Kila katoni lilikuwa na saini ya Pua. Akazungusha macho, yakatua kwa shemeji. Juzi yake, siku ya mvua, aliiona ile baiskeli imeegemezwa ndani ya ghala, na fungu la majani likiwa nyuma yake. Hakungoja kuulizwa.

"Aliyeingiza mkaratusi ghalani ni huyu! Nimeona kwa macho yangu!"

"Ni ya mama, shemeji, ana mafua," yule kijana akasema. "Na ilikuwa dakika kumi, kwa sababu ya mvua. Magunia yote yameshonwa!"

"Dakika kumi zinatosha!"

Hazitoshi, na yeye alijua hazitoshi. Alijua pia majani yalikuwa ya nani. Aliliacha neno "mama" lipite kama hakulisikia. Meneja akamnyang'anya mtunza ghala funguo na kumwambia aje ofisini Ijumaa saa nne, na aje amejiandaa kwa lolote.

Jioni ile nyumbani hapakukalika. "Mwanangu anafukuzwa kwa majani yako," mama mkwe alisema.

"Anafukuzwa kwa uzembe wake."

"Toka hapo. Inamisha kichwa."

"Bado unanitibu?"

"Nakutibu ili upone, mwanaharamu we, ukaniambie harufu inatoka wapi. Mwanangu hajaharibu chai ya mtu." Maji yakamwagwa kwa ukali mpaka yakaingia sikioni.

Ijumaa asubuhi, akiwa anafunga viatu, Pua alipiga chafya tatu mfululizo na kitu kikaachia nyuma ya macho. Akasikia harufu ya sabuni. Akasikia moshi wa jirani, akasikia hata jasho la kwapa lake, akacheka peke yake kama mwendawazimu. Kwa mama mkwe hakuaga, wala hakusema asante. Alikwenda kazini mbio, kifua mbele, amerudi kuwa Pua.

Akafungua mlango wa chumba cha kuonjea.

Mkaratusi ulimpiga usoni. Uko kwenye pazia, uko kwenye mbao za meza, uko kwenye kitambaa cha kufutia vikombe. Alifunua boksi la chai ya gharama, akainama, akanusa. Ilinuka dawa tupu.

Ilikuwa saa mbili na nusu. Kulikuwa na muda wa kutosha. Angemwaga boksi, angefua pazia, angesugua meza, na kufikia saa nne chumba kingekuwa kinanuka maji. Shemeji angeondoka, kiti kingebaki, na hakuna kiumbe chini ya jua ambaye angejua. Na alianza kweli! Alilibeba boksi mpaka kwenye pipa la taka nyuma ya jengo, akalifungua, akaliinamisha. Ile harufu ikapanda tena. Akatafuta wa kumkasirikia, kama kawaida yake: mkwe na majani yake, mvua, hoteli, meneja. Siku hiyo hakumpata. Kila aliyemfikiria alikuta hakufanya kitu. Akaliinua boksi na kulifunika tena, akaona aibu, aibu ya kweli, pengine kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Saa nne aliingia ofisini bila kubisha hodi, akaliweka boksi mbele ya meneja. Shemeji alikuwa amesimama ukutani, amevaa shati lake zuri.

"Nusa," Pua akasema.

Meneja alinusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Hili halikai ghalani. Linakaa chumba cha kuonjea. Nimekuwa nikijifukiza mle ndani, mchana, mlango umefungwa. Ni mimi."

"Na hukusikia harufu? Wewe?"

"Pua ilikuwa imeziba mpaka leo asubuhi."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili na siku tatu."

"Na magunia yote hayo umeyasaini."

"Nimeyasaini."

Meneja hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu, na Pua akauweka ufunguo wa chumba cha kuonjea pale. Kisha meneja akazitoa funguo za ghala kwenye mtoto wa meza na kuzisukuma upande wa yule kijana.

Pua akamgeukia. Maneno yalimkwama, kwa maana hakuwa na mazoezi nayo. "Shemeji, nimekukosea mbele za watu. Nitawaambia wote pale ukumbini, leo hii. Nisamehe."

Kijana alizichukua funguo zake bila kumtazama. "Nina swali moja tu, shemeji. Kama pua yako isingezibuka leo asubuhi, mimi saa hizi ningekuwa wapi?"

Pua alitaka kusema lingine, na lingine lenyewe halikuwepo.

"Nje ya geti," alijibu.

"Na wewe?"

"Ningekuwa nimekaa kwenye kiti changu."

Shemeji akatikisa kichwa mara moja, akampita mlangoni, akaenda kufungua ghala.