Kitambaa Kikitoka Cheupe

Saa mbili kasorobo asubuhi, na bunduki ya kwanza tayari imebanwa kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania kilichofungwa mezani. Mwanamke aliyevaa koti jeupe la kazi anafungua chemba, anachungulia, anaingiza kidole cha mwisho, kisha anachungulia tena. Hamna risasi. Alishaangalia wakati anaipokea, na mlinzi aliyeileta aliangalia kabla yake.

"Bunduki tupu ndiyo inayoua," anasema bila kuinua kichwa. "Yenye risasi watu wanaiogopa."

Anachovya kitambaa kidogo cha mraba kwenye dawa, anakivisha kwenye ncha ya ufito na kukisukuma ndani ya mtutu, kutoka nyuma kwenda mbele. Harufu ya dawa, kali kama ya mkojo uliolala, inajaa chumba. Anasubiri dakika kumi kwa saa ya ukutani, halafu anapitisha kitambaa kikavu. Kinatoka kikiwa na buluu iliyokolea, na uso wake unalegea kidogo.

Buluu hiyo anaiona. Inayomnyima usingizi ni ile ya mwisho, nyepesi, inayokaribia weupe.

Ana miaka hamsini na mmoja. Walinzi wa hifadhi hii ya msitu, vijana na watu wazima, wanamwita Shangazi. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akitoa shaba ndani ya mitutu ya bunduki zao. Leo saa sita mchana gari linaondoka na walinzi saba kwa doria ya siku tano, na bunduki zote saba zinapita mikononi mwake kwanza.

Kazi yenyewe haina siri. Risasi huvikwa ganda la shaba, na kila inapopita kwa kasi huacha utando mwembamba ndani ya mtutu. Utando ukizidi, risasi haiendi inakotumwa. Dawa huyeyusha shaba hiyo, na shaba ikiyeyuka hugeuka buluu. Kitambaa kikitoka na buluu, kazi bado. Kikitoka cheupe, kazi imekwisha.

Hata hivyo, Shangazi mwenyewe ndiye wa kwanza kucheka akisimulia mwanzo wake. Bunduki ya kwanza aliyokabidhiwa aliisafisha siku tatu mfululizo na buluu haikuisha. Ndipo fundi wa silaha wa wakati huo alipogundua kuwa ncha ya ufito nayo ilikuwa ya shaba, na dawa ilikuwa inaila.

"Nilikuwa nasafisha ufito, bunduki inanitazama tu," anasema. Tangu siku hiyo anatumia ncha ya plastiki.

Fundi huyo alistaafu, na mwingine hakuletwa. Shangazi alikuwa mfagizi wa ghala la silaha, na mpaka leo kwenye karatasi yeye ni mfagizi, kwa mshahara wa mfagizi. Hilo alishalizoea. Lililomponza ni jingine: walinzi wote hupimwa macho kila mwaka, lakini mfagizi hapimwi, kwani vumbi hata kipofu hulipapasa.

Miezi minne iliyopita, bintiye, ambaye ni fundi cherehani na anaishi naye, alimwomba amletee uzi mweupe. Shangazi akaleta, binti akashona upindo mzima wa gauni jeupe la mteja chini ya taa hafifu. Asubuhi wakaliona gauni limezungukwa na mstari wa samawati. Wakacheka sana. Kisha binti akachukua kibunda kile kile cha uzi, akamuuliza mama yake ni rangi gani. Shangazi akajibu nyeupe, na kicheko kikaishia hapo.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jicho likianza kuvaa ukungu wa manjano, alieleza, buluu nyepesi ndiyo hutangulia kupotea. Upasuaji upo, lakini foleni ni ndefu. Akapewa tarehe ya mbali, akarudi kazini, akanyamaza.

Binti hakunyamaza. Kila jioni alimkumbusha mama yake kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Shangazi alimjibu kwamba wakimwondoa ghalani hana mahali pengine pa kwenda, na kwamba mikono yake inaijua kazi hata bila macho. Nusu ya maneno hayo aliyaamini mwenyewe.

Akawa anaongeza vitambaa. Palipotosha kumi na tano, alipitisha thelathini. Lakini huko nako kuna shimo, kwa sababu dawa ikikaa muda mrefu inakula chuma.

"Nikiwahi, shaba inabaki. Nikichelewa, mtutu unaharibika," anasema. "Kila jioni nafika nyumbani nikiwa nimechoka kwa woga, si kwa kazi."

Kisha likatokea la nguruwe. Wiki sita zilizopita mlinzi mmoja, anayeitwa Kobe na wenzake kwa jinsi anavyotembea taratibu msituni, alikutana na nguruwe pori dume aliyejeruhiwa na mtego. Alifyatua mara moja, akakosa. Nguruwe akamfikia na kumchana paja la kulia. Alishonwa nyuzi thelathini na nane.

Bunduki yake ilikuwa namba saba, na siku mbili kabla Shangazi ndiye aliyeisafisha, akaiona nyeupe, akaitia sahihi.

Kila mtu alisema ni bahati mbaya. Shangazi alikwenda kumjulia hali Kobe wodini mara nne, na mara zote nne aliondoka bila kuyataja macho yake. Kobe alipotoka alipewa kazi nyepesi: kukaa mlangoni mwa ghala na kuandika bunduki zinazotoka na zinazoingia. Basi wiki mbili sasa wamekaa chumba kimoja, hatua tano kati yao. Kobe akitania kwamba sasa jina lake limemkaa sawasawa, Shangazi hutabasamu na roho inamuuma.

Saa tano na robo. Bunduki sita zimeegemezwa ukutani, zimekwisha. Kwenye jiliwa iko namba saba. Shangazi anapitisha kitambaa cha kumi na tisa, anakinyanyua dirishani, anakiweka juu ya mkono wa koti lake, anakirudisha dirishani. Nje dereva anapiga honi fupi ya kuhimiza.

Anashika pini. Hii ni desturi aliyoianzisha yeye: kitambaa cha mwisho cha kila bunduki hukibana kwa pini kwenye daftari kubwa la ghala, kando ya tarehe na sahihi yake, ili mlinzi yeyote aje aone kwa macho yake. Miaka kumi na tisa ya vitambaa. Daftari hilo haliruhusiwi kutoka ghalani.

Pini haishuki. Anabaki nayo hewani.

"Kobe, mwanangu," anaita. "Njoo unitazamie hiki. Ni rangi gani?"

Kobe anakuja akichechemea, anakichukua, anakigeuza.

"Buluu, Shangazi. Hafifu, lakini ipo. Kama shati lililofuliwa mara nyingi." Anamtazama usoni. "Kwani wewe huioni?"

Shangazi anakaa kwenye kigoda. Mwandishi wa makala haya alikuwa amekuja kuandika habari za dawa na mitutu. Alichosikia dakika zilizofuata ni uzi wa samawati, daktari, foleni na wodi, yote kwa mkupuo, kwa sauti ya chini ya mtu anayeogopa kukatizwa. Mwisho akasema lile lenyewe.

"Mimi hicho nakiona cheupe. Na siku ile, kabla ya nguruwe, nilikiona cheupe vile vile."

Kobe alilisugua paja lake la kulia. Hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka.

"Ungesema, Shangazi," alisema. Halafu akamrudishia kitambaa. "Tia dawa tena. Gari litangoja."

Mkuu wa ghala aliitwa, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akasikiliza akiwa amesimama. Aliagiza bunduki zote saba zipitishiwe vitambaa upya, Shangazi asukume ufito na Kobe asome rangi. Kati ya zile sita zilizokuwa zimeegemezwa ukutani kama zilizokwisha, mbili zilitoa buluu. Gari lililokuwa liondoke saa sita likaondoka saa tisa kasorobo. Walinzi waliambiwa sababu. Mmoja wao aliuliza kuhusu doria zilizopita, kisha akapanda garini.

Kuhusu ajali, mkuu wa ghala hakutaka kuapa. Nguruwe anayekimbia kichakani, kwa hatua thelathini, hukoswa hata na mtutu ulio safi, alisema. Huenda shaba ilihusika, huenda haikuhusika kabisa.

Lakini kipo kinachoweza kusema kitu. Kobe ndiye aliyekikumbuka. Alilivuta daftari, akarudisha kurasa hadi wiki sita nyuma, mpaka namba saba. Kitambaa kilikuwepo, kimebanwa kwa pini yake. Kobe akakitazama. Mkuu wa ghala akainama juu ya bega lake, akakitazama naye. Mwandishi pia alikiona.

Shangazi aliinua kiganja kabla yeyote hajafungua mdomo.

"Msiseme," alisema. "Mkisema cheupe, nitadhani mnanihurumia. Mkisema buluu, sitakuwa na miguu ya kunipeleka kwa daktari. Acheni nije nikione mwenyewe."

Siku chache zimepita tangu hapo, na upasuaji sasa ni siku tisa kuanzia leo, jicho la kulia kwanza. Anauogopa kupita kiasi. Amemuuliza daktari mara tatu kama mtu anaweza kupiga chafya kisu kikiwa jichoni. Mkuu wa ghala amekubali taarifa yake isipande juu hadi jicho lifunguliwe, ila itapanda, na ndani yake ataandika pia kwamba mfagizi wake hajawahi kuwa mfagizi tu. Watakaoisoma wataamua kama abaki au aondoke. Kwa sasa haruhusiwi kutia sahihi peke yake, na kigoda cha Kobe kimehama kutoka mlangoni hadi kando ya jiliwa.

Wanazungumza kidogo kuliko zamani. Utani haujarudi. Ila jana, Shangazi alipopitisha kitambaa cha kumi na nne na kumpa, Kobe alikiweka juu ya meza katikati yao na kumwambia ajaribu kubahatisha kwanza. Akabahatisha cheupe. Safari hii kilikuwa cheupe kweli.

Daktari amemwambia kwamba bendeji ikitoka, buluu ndiyo itakayomrukia machoni kabla ya rangi zote. Watu wengine hushangaa mbingu, wengine nguo zao wenyewe. Shangazi ameshapanga. Atatoka hospitali, hatapitia nyumbani, ataomba afunguliwe ghala.

"Kikiwa cheupe, nitamshukuru Mungu nianze kulala," anasema, akifuta ufito. "Kikiwa na buluu, nitakwenda kupiga magoti kwa mama yake Kobe, kisha ndiyo nimsikilize yeye mwenyewe atakachotaka kuniambia."

Kabla ya kuagana ameomba jambo moja. Bintiye humsomea gazeti kila jioni, na makala haya atayasikia kabla ya siku ya jicho. Kwa hiyo rangi ya kitambaa kile haikuandikwa hapa.