Shati la Nailoni Ndani ya Tuta

Tuta la bwawa la Kobylka lilipotoboka shimo la upana wa sinia, Vendelín Kubát, mtunza bwawa, aliandika katika ripoti yake kwamba ni panya wa majini. Aliandika hivyo mwaka jana pia, na mwaka juzi. Hakuna aliyewahi kumwona panya huyo.

Wiki moja kabla ya kuvua samaki wa Krismasi, mhandisi Hůlková alifika akiwa na buti mpya.

"Jumatatu tunafungua bomba, mzee Kubát. Bwawa likauke, tuvue."

Kubát alilitazama shimo. Nyasi za pembeni zilikuwa zimeinamia ndani.

"Usifungue. Bomba limeachana huko chini. Maji yakipita kwa nguvu yatakomba udongo, tuta liondoke na samaki wote."

"Limeachana wapi?"

"Kiungio cha tatu kutoka mlango wa maji."

"Umekionaje, na kiko mita tatu ardhini?"

"Mimi ndiye niliyelaza bomba."

Zaidi ya hapo hakueleza. Mwaka 1986 ringi za mpira za kuziba viungio zilikuja pungufu moja. Ilikuwa sikukuu ya kijiji, bata bukini yuko mezani, na shemeji yake Oldřich, aliyekuwa akimsaidia kazi, alishanawa mikono. Kubát alikimbia nyumbani, akachomoa shati lake jipya la nailoni kwenye kamba ya nguo, akalisokota na kuziba nalo kiungio. Wakafukia. Zdenka, mkewe, alikata shauri kwamba shati limeibwa na Růžena, jirani yao. Tangu siku hiyo wanawake hao wawili hawajasalimiana. Kubát alikuwa akisubiri wakati mzuri wa kulisema.

Mhandisi aliacha bomba lifungwe; maji yalitolewa kwa pampu, juu ya tuta, kwa siku nane. Samaki wote walivuliwa. Ndipo wakachimba. Kiungio cha tatu kilikuwa wazi, ngumi inapita, na ndani kilining'inia kitu cheupe.

"Hii ni nini?" aliuliza mhandisi.

"Ringi."

"Ina vifungo."

"Sita," alisema Kubát.

Waliweka kipande kipya cha bomba, ringi pande zote mbili, wakamwaga zege kukizunguka. Udongo wa mfinyanzi ulirudishwa tabaka kwa tabaka, kila moja unene wa kiganja. Kubát alishindilia mwenyewe, na kila tabaka alimwita mhandisi alikague. Kufikia la tisa, mhandisi alikuwa akikagua kutoka garini.

Jioni Kubát aliliweka shati mezani nyumbani. Zdenka aliligeuzageuza mpaka chai ikapoa.

"Kola haijaharibika," alisema.

"Nailoni haiozi."

"Miaka thelathini na saba, Vendelín."

Akalifua, akalianika upande unaotazamana na kwa Růžena.

"Haya, vaa koti. Nenda kamweleze."

"Twende wote, mke wangu."

"Mimi siongei naye."

Kubát alivaa koti. Kutoka mlango hadi mlango ni hatua kumi na nne. Katika ile ya tisa alimfikiria kidogo panya wa majini, akaachana naye, akapiga hodi.