Yuragim

Selipher Nekesa wa Bungoma alifika Jeddah mwaka 2014, akapewa kazi ya kumtunza Nyanya Saadat, mamake madam aliyemwajiri, katika jumba moja mtaani Al-Hamra. Kiharusi kilikuwa kimemfuta ajuza huyo Kiarabu chote. Alibakiwa na lugha ya Turkestani, eneo la Asia ya Kati ambalo wazazi wake walilikimbia akiwa mtoto, na nyumbani hapakuwa na hata mmoja aliyeielewa.

Asubuhi moja Nyanya alikataa chai. Akawa anarudia neno moja, "Yuragim, yuragim," kwa sauti inayokatika.

"Atakuwa anamwita dadake marehemu," madam akasema.

"Madam, mguse. Amelowa jasho na ngozi ni baridi."

Wakamkimbiza hospitali. Daktari akauliza mgonjwa analalamikia nini, familia ikatazamana. Selipher, aliyesimama nyuma, akalitamka lile neno kama alivyolisikia. Daktari, mwanamke wa Kituruki aitwaye Nermin, akainua macho.

"Anasema moyo wangu," akawaambia, na tayari alikuwa akiwaita wauguzi.

Nyanya akapona. Siku ya tatu, Daktari Nermin alipokuja kumpima, Selipher akamuuliza, "Nyanya ni mtu wa kwenu?"

"Hapana. Kwao ni mbali sana na kwetu. Ila sisi husema yürek. Wakazaki husema jürek. Kule Siberia kwenye theluji, Wayakuti husema sürekh, na Wachuvashi wa Mto Volga, çĕre. Yote yalizaliwa na neno moja. Wenye neno hilo hawakuacha maandishi. Wataalamu wameyasikiliza haya yaliyobaki, wakarudi nyuma hatua kwa hatua hadi wakalikisia: yürek."

"Hawakuliandika popote?"

"Limepita midomoni tu, zaidi ya miaka elfu mbili."

Mwili ulimsisimka Selipher. Akamtazama Nyanya aliyelala, akaona haya kupumua kwa nguvu. Watu wasiojulikana hata makaburi yao walikuwa wamesema kupitia kinywa kile, na daktari akasikia.

"Kwetu Bungoma ni kumwoyo," akasema taratibu. "Kiswahili, moyo."

"Basi na lugha zenu zina mama yao mmoja," Daktari akamjibu.

Tangu hapo Selipher akawa anamwonyesha Nyanya kitu na kungoja jina lake: maji yakawa suv, mkate ukawa non. Mwaka wa pili ulipofika katikati, madam ndiye aliyekuwa akija jikoni kumuuliza, "Selipher, njoo. Mama anasemaje?"